Mtutu Nao Una Historia Yake: Namna ya Kutambua Bunduki za Kivita Zilizobadilishwa

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wahifadhi wa makumbusho, walimu wa historia na wananchi)

 

 Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba bunduki ya kivita ya zamani haitambuliki kwa jina lililochongwa juu yake peke yake. Kibao cha makumbusho kilichoandikwa bila kuukagua mtutu husimulia nusu ya habari, na mara nyingine husimulia uongo ambao hakuna aliyekusudia kuusema.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Bunduki ninazozizungumzia ni zile za bolti: askari huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma, ganda tupu hutoka, huusukuma mbele, risasi mpya huingia chemba. Bolti hukaa ndani ya chuma kikubwa cha katikati, nami leo nitakiita kiunzi. Mtutu ni chuma cha pili, na hufungwa kwenye kiunzi kwa hesi. Naomba jambo hili mlishike, kwa kuwa mhadhara wote unasimama juu yake: kitu kilichofungwa kwa hesi hufunguliwa. Kiunzi kinaweza kuishi miaka 60 na kuvishwa mitutu mitatu.

Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza kama nitafundisha kubadili mtutu. La, mwanangu. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye leseni, na hapa Tanzania tunayo sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 isiyotaka utani. Sisi tutasoma tu yale ambayo mafundi wa zamani wamekwisha kuyafanya.

Hoja ya kwanza: mitutu ilibadilishwa kwa sababu zinazojulikana

Anayejua sababu hujua pa kutafuta alama. Sababu ya kwanza ni uchakavu, na mfano wake bora ni wa Waingereza. Mwaka 1888 walipokea bunduki iliyokuja kuitwa Lee-Metford, yenye kipenyo cha inchi .303. Metford ndiye aliyebuni mifereji ya ndani ya mtutu: saba, isiyo na kina kirefu, yenye kona za mviringo. Ilifaa sana kwa baruti nyeusi, kwa kuwa masizi hayakupata pa kung'ang'ania. Kisha ikaja kordaiti, baruti isiyo na moshi mwingi lakini yenye joto kali, nayo ikaila mifereji ile upesi. Mwaka 1895 kiwanda cha Enfield kikatoa mifereji mitano, yenye kina na kona kali zaidi, na jina likageuka kuwa Lee-Enfield. Tofauti kati ya bunduki hizi mbili, zilizopishana kwa miaka saba, iko hasa ndani ya tundu la mtutu, mahali ambapo mtembeleaji wa makumbusho hapaoni.

Sababu ya pili ni risasi mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 majeshi yaliacha kichwa cha risasi kilicho butu yakachukua kilichochongoka, nazo bunduki za zamani zikarudishwa karakana. Marekani ilipokea bunduki ya Springfield mwaka 1903, na ilipofika 1906 ikabadili risasi yake. Mitutu iliyokwisha tengenezwa ikakatwa sehemu ndogo upande wa chemba, moja ya tano ya inchi, ikachongwa chemba upya na kurudishwa mahali pake.

Sababu ya tatu ni uchumi na siasa, nayo ndiyo yenye mambo mengi. Nchi hununua bunduki mpya za kipenyo kipya, wakati bohari limejaa za zamani. Serikali yenye akili haitaki aina mbili za risasi katika kombania moja. Uturuki ilikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1893 na 1903 zenye kipenyo cha milimita 7.65; katika miaka ya 1930 nyingi zilipita karakana za Ankara zikatoka na milimita 7.92. Hispania, Chile, Israeli na Norwei nazo zilifanya ya kwao, kila moja kwa namna yake.

Hoja ya pili: kiunzi husema kilikozaliwa, hakisemi kilikopita

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi wa pwani hii.

Nyote mnajua vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walikuwa bado wamebeba Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Kila walipofyatua, wingu la moshi liliwaonyesha walipo. Baadaye walipata silaha mpya kwa njia mbalimbali: walizoziteka papa hapa Tanga, zilizoletwa na meli ya Rubens katika ghuba ya Manza mwaka 1915, na walizowanyang'anya Wareno huko Ngomano, kando ya Ruvuma, tarehe 25 Novemba 1917. Mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, jeshi hilo liliposalimisha silaha Abercorn, mji tunaouita leo Mbala, orodha ya Lettow mwenyewe ilitaja bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Narudia: jeshi la Wajerumani lilimaliza vita likiwa limebeba bunduki za maadui zake. Kwa hiyo anayeona Mauser kuukuu ya Kijerumani na kuandika kwamba ilisalimishwa Abercorn, aulizwe ushahidi.

Sasa tuchukue bunduki ya Kireno. Ureno ilipokea mwaka 1904 bunduki iitwayo Mauser-Vergueiro, yenye kipenyo cha milimita 6.5. Utaitambua kwa bolti: ikivutwa nyuma, mkono wake hupita katikati ya daraja la nyuma la kiunzi, tofauti na Mauser za kawaida. Juu ya chemba kuna taji na herufi za mfalme Carlos wa Kwanza. Mfalme huyo aliuawa Lisbon Februari 1908, na Oktoba 1910 ufalme wenyewe ukaondolewa, Ureno ikawa jamhuri. Taji halikufutwa. Mwaka 1937 jamhuri ile ilinunua Mauser mpya za milimita 7.92, na ili risasi ziwe za aina moja, zile za 1904 zikafupishwa na kugeuzwa kuwa 7.92. Wareno wenyewe huziita 904/39.

Fikirini basi mhifadhi aliyepewa bunduki hiyo. Anaona taji la Carlos, anaona mwaka wa mtindo ni 1904, anakumbuka Ngomano, na kibao kinajiandika chenyewe: "Bunduki ya Kireno iliyotekwa na askari wa Lettow, 1917." Ushahidi wa juu ya kiunzi unamruhusu. Mtutu unamkatalia. Mtutu wa 7.92 unasema kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 bunduki hii ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ureno, ikahudumiwa kwa fedha za Ureno. Kama iliwahi kufika Ngomano, basi ilirudi tena Ureno, na safari hiyo lazima ithibitishwe. Uwezekano ulio karibu zaidi ni kwamba ilivuka bahari baadaye kabisa, katika miaka ya mwisho ya ukoloni wa Ureno huko Msumbiji. Mtutu mmoja unaweza kuisogeza historia ya kitu kwa zaidi ya miaka 20.

Mzee pale mbele anatabasamu. Nadhani anakijua kibao cha namna hiyo. Nisimtaje mtu.

Hoja ya tatu: herufi moja hubeba maana mbili

Mafundi wa kijeshi waligonga alama kila walipobadili kitu, kwa sababu askari akitia risasi isiyo yake mtutu unaweza kumpasukia usoni. Alama hizo ni hazina. Lakini hazisomwi kama tafsiri ya kamusi, kwa kuwa kila jeshi lilikuwa na lugha yake.

Chukueni herufi S. Ujerumani ilikuwa na bunduki ya mwaka 1888, na risasi yake ya kwanza ilikuwa na kichwa cha kama milimita 8.1. Ilipokuja risasi mpya iliyochongoka ya kama milimita 8.2, bunduki zilizotengenezwa zikubali kichwa hicho ziligongwa S juu ya chemba. Tofauti yenyewe ni unene wa karatasi moja ya daftari, ila kwa chuma kinachosukumwa na baruti, karatasi hiyo ni nyingi. Kabla ya hapo, mwaka 1896, mifereji ilikuwa imechongwa kina zaidi na mitutu hiyo ikapewa herufi Z. Kwa hiyo bunduki moja ya 1888 inaweza kuwa na Z, au S, au zote mbili, au isiwe na hata moja, na kila hali ni habari tofauti.

Sasa nendeni Austria. Bunduki yao ya Mannlicher ya mwaka 1895 ilitumia risasi yenye ukingo, ganda la milimita 50. Katika miaka ya 1930 Austria na Hungaria zilichonga chemba upya kwa risasi yenye ganda la milimita 56 na kichwa kinene zaidi. Waaustria wakagonga S kubwa juu ya chemba. Wahungaria wakagonga H. S ya Mwaustria na S ya Mjerumani hazihusiani hata kidogo katika vipimo: risasi ya mmoja ina ukingo, ya mwingine haina. Nazo Mannlicher hizo hizo zilizobaki Yugoslavia, nyingine zilipewa mtutu wa 7.92 wa Mauser. Mtindo mmoja, risasi tatu.

Tarakimu nazo zina mitego yake. Andiko "7.62" mtaliona kwenye Mauser za Israeli zilizobadilishwa katika miaka ya 1950, wakati mwingine limechomwa hata kwenye mti wa kitako, na hapo maana yake ni risasi ya NATO yenye ganda la milimita 51. Mtaliona "7.62" pia kwenye Mauser ambazo Wajerumani waliziacha Norwei mwaka 1945, zikachukuliwa na Wanorwei na kugongwa HÆR kwa jeshi la nchi kavu au K.ART kwa mizinga ya pwani. Hapo nyingi zilitengenezwa kwa risasi ndefu ya Kimarekani, ganda la milimita 63, hata kiunzi kikachongwa kijikato ili risasi hiyo ipate nafasi. Na bunduki ya Kirusi ya Mosin nayo ni 7.62, kwa risasi ya tatu yenye ukingo. Wafini waliozirithi Mosin nyingi walizivisha mitutu yao wenyewe, wakagonga SA ndani ya kisanduku kuwa mali ya jeshi la Ufini, na baadhi wakazigonga D kuonyesha kwamba chemba imechongwa ipokee kichwa cha risasi kizito kiitwacho D166.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: andika alama kama ilivyo, ichore, pima ukubwa wake, taja ilipo. Tafsiri ije baadaye. Kwa bunduki ya 1888, S ndogo juu ya chemba ina maana; S hiyo hiyo kwenye sehemu nyingine ya chuma inaweza kuwa alama ya mkaguzi tu.

Hoja ya nne: tarehe na namba zisomwe pamoja

Hoja hii ni fupi. Bunduki nyingi za kijeshi zina namba kwenye kiunzi, ikarudiwa kwenye mtutu na bolti. Namba zikilingana, huenda mtutu ni wa asili. Zisipolingana, mtutu au kiunzi kimetoka kwingine. Ila msiishie hapo, kwa sababu karakana iliyofunga mtutu mpya mara nyingi iliugonga namba ya kiunzi. Namba zinalingana, na mtutu si wa asili.

Tarehe husaidia zaidi. Lee-Enfield fupi huwa na mwaka wa kiunzi kwenye pete ya chuma iliyo nyuma ya kifyatulio, na mtutu nao una tarehe yake karibu na chemba, upande wa kushoto, ambayo hufunikwa na mti. Fundi lazima aufungue mti huo. Kiunzi cha 1907 chenye mtutu wa 1917 kimeona karakana. Springfield ya Marekani ni rahisi zaidi: kiwanda, mwezi na mwaka vimegongwa juu ya mtutu, nyuma ya kilengeo cha mbele. Kiunzi cha kabla ya 1918 chenye mtutu wa 1944 ni jambo la kawaida. Na hapo pana hatari ya kweli. Springfield zenye namba chini ya 800,000 zilichomwa chuma chake kwa njia iliyofanya baadhi ya viunzi viwe vya kupasuka. Mtutu mpya unaong'aa haukiponyi kiunzi hicho.

Hoja ya tano: tundu lenyewe ndilo shahidi wa mwisho

Alama hufutika, namba hughushiwa. Tundu la mtutu hupimwa. Kwanza bunduki ihakikiwe kwamba haina risasi, na ikaguliwe na mtu anayejua, bolti ikiwa nje. Kisha tazameni mwanga ukipita ndani na mhesabu mifereji. Mitano inayopinda kushoto ni desturi ya Enfield. Minne inayopinda kulia ni desturi ya Mauser. Saba isiyo na kina kirefu, yenye kona laini, ni Metford. Miwili tu? Msishtuke: wakati wa Vita vya Pili Waingereza na Wamarekani waliruhusu mitutu ya mifereji miwili ili kazi iende haraka. Mkikuta mifereji ya kulia ndani ya bunduki iliyoandikwa Enfield, kaeni chini muanze upya.

Tazameni pia mdomo wa mtutu. Kuna geuzo ambamo mtutu wa zamani haukutolewa, bali ulitobolewa na kuingizwa bomba jipya ndani yake. Waingereza walifanya hivyo kutengeneza bunduki za mazoezi zenye kipenyo cha inchi .22 kutoka Lee-Enfield kuukuu. Ukitazama vizuri utaona duara ndani ya duara. Chile ilifanya kitu kingine: kwenye baadhi ya Mauser zake za 1895 iliweka pete ndani ya chemba ili risasi ya NATO iingie, mtutu ukabaki ule ule. Huko mdomoni hutaona duara la pili. Lazima chemba ikaguliwe.

Na kuna tundu lisilo na mfereji hata mmoja. Kiwanda cha Ishapore, India, kilichukua Lee-Enfield za vita, kikalainisha mtutu uwe wa inchi .410, kikaziba nafasi ya magazini kwa kipande cha mti, zikawa bunduki za walinzi za risasi moja moja. Kwa nje ni bunduki ya Vita vya Kwanza. Kwa ndani ni ya mlinzi wa lango.

Mkitaka uhakika kamili wa chemba, fundi huimiminia metali inayoyeyuka kwa moto mdogo, ikiganda huitoa na kuipima kwa kalipa. Kazi hiyo haimchukui fundi siku nzima, na kumbukumbu yake hudumu kuliko maelezo yoyote. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nisiingie ndani zaidi.

Niongeze hili tu: si kila kilicho tofauti kimebadilishwa. Ishapore hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1960, ilitengeneza bunduki iitwayo 2A na kisha 2A1, yenye sura ya Lee-Enfield, magazini ya pembe kali na risasi ya NATO. Watu wengi hudhani ni ya .303 iliyogeuzwa. Ilizaliwa 7.62, na kiunzi chake kilitengenezwa upya kwa nguvu ya risasi hiyo. Kuigeuza kuwa "iliyogeuzwa" ni kosa sawa na lile la kuiita ya asili bunduki iliyogeuzwa.

Kwa siku zijazo

Nina maombi kwenu. Kadi za kumbukumbu za makumbusho yetu ziwe na mstari wa kiunzi na mstari wa mtutu, kila mmoja na kiwanda chake, tarehe yake, alama zake na kipimo chake. Kama mtutu haujakaguliwa, kadi iseme hivyo. Wahifadhi wa Tanzania, Kenya na Msumbiji wabadilishane picha za alama hizi, kwa kuwa bunduki zetu zilitoka kwenye vita vile vile na zilivuka mipaka ile ile. Walimu, wapelekeni wanafunzi wakazione, mwape karatasi na penseli wahesabu tarehe wenyewe.

Na msisugue. Msasa na brashi ya waya vimefuta zaidi ya kutu yenyewe. Mafuta mepesi na kitambaa safi vinatosha hadi mtaalamu afike.

Neno la mwisho ni kwa familia. Kama kuna bunduki ya babu darini au shambani, usiitikise, usiifungue, usijaribu risasi yoyote. Nenda kituo cha polisi utoe taarifa, waje wao wenyewe kuiangalia, na ikishathibitishwa kuwa salama, uliza kama makumbusho yanaweza kuandika habari zake: nani aliibeba, alitoka nayo wapi, alifika nayo lini. Mtutu tutaupima sisi. Habari hizo hakuna chombo cha kuzipima, na wanaozijua ni ninyi.